Bomba la Hewa na Siku ya Arobaini

Mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu alikuwa akisema kwamba hata tumboni mwake nilipiga mateke kama mtu aliyeitwa mahali na anazuiliwa. Ukinipa kiti nitakikalia nusu. Ukinipa ugali nitaula nimesimama, macho barabarani. Udereva ulinifaa kwa sababu hiyo. Na kwa sababu hiyohiyo uliniletea aibu ambayo mpaka leo, nikiwa babu mwenye magoti mabovu, nikiikumbuka nainuka, natembea hadi mlangoni, kisha narudi kukaa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, karibu na mwisho wake. Niliishi Baraka na niliendesha gari la mjomba wangu, ndugu wa mama, mfanyabiashara aliyenunua dagaa na samaki wakavu kwa watu wa Ubwari na kuwapandisha Fizi. Kutoka Fizi tulishuka na maharage, unga wa muhogo, na mara mojamoja siagi ya wafugaji wa Bibokoboko. Kazi nzuri. Kiangazi kilikuwa vumbi tupu, masika yalikuwa matope na mito. Mito ilikuwa mingi, lakini mmoja tu ndio uliokuwa adui yangu, ule uliokata barabara katikati ya Baraka na Fizi na kuondoka na daraja lake la magogo kila mvua zikianza.

Mke wangu alikuwa Fizi. Hakunikimbia, msije mkafikiri hivyo. Kwetu mwenye mimba ya kwanza hujifungulia kwa mama yake. Mwanamke anapanda kwao tumbo likishakuwa kubwa, anazaa huko, anakaa ndani siku arobaini, na siku ya arobaini anaoga, mtoto anatolewa nje, na mume anafika na zawadi kuwachukua. Mume asipotokea siku hiyo, wakwe hawasemi kitu. Wanakunywa chai yao, wanabaki na binti yao, na lile neno wasilolisema utalisikia mpaka uzeeni.

Na mimi tayari nilikuwa na doa. Masika yaliyotangulia, nyanya yake mke wangu alifariki, nami nikakwama upande huu wa mto na gari, siku tatu nikitazama maji na kuyatukana. Nilipofika, matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Baba mkwe alinipokea kwa adabu zote, akanipa mkono, akasema, "Karibu, shofere. Maji ilikukataza?" Hakuniita mwanangu. Aliniita shofere, na watu waliokuwa pale wakatazama chini.

Kwa hiyo siku mke wangu alipopanda kwenda kwao, mwezi wa nane, akiwa amekaa juu ya magunia ya ndugu mmoja mwenye lori, alinishika mkono akanena bila kucheka.

"Usikose siku ya arobaini. Mwaka jana mi nilijibu bantu ju yako. Mwaka huu sitajibu tena."

Nikaapa kwamba hatalazimika kuwajibu watu kwa ajili yangu. Kuapa ni rahisi mwezi wa nane, mto ukiwa umelala na watoto wanaruka mawe yake bila kulowesha vidole. Lori lilipoondoka nikahesabu. Mtoto mwezi wa kumi, arobaini mwezi wa kumi na moja, mvua katikati. Nikaanza kutembea uani kwa mjomba, huku na huku, mpaka mke wa mjomba akaniambia nimemchosha kuku wake.

*

Wiki hiyohiyo mjomba alinunua jipu. Lori letu la zamani lilikuwa limekufa kwa vumbi. Injini yake ilikula mchanga kiangazi kizima hadi ikawa inatoa moshi kuliko jiko la kukaushia samaki. Jipu lilikuwa la jeshi, limetumika, limepigwa mnada Usumbura, mji wa ng'ambo ya ziwa, na nyuma lilivuta tela dogo. Nililipenda mara moja. Lilikuwa fupi, jeuri, halitulii hata likiwa limesimama. Nikafungua boneti, nikakuta pale panapokaa kichujio cha hewa pako wazi. Mtu alikuwa ameking'oa. Kwenye mdomo wa kabureta alifunga kitambaa kwa waya, kitambaa cha shati, bado kina kifungo kimoja.

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Injini haiishi kwa petroli peke yake, inavuta hewa pia, na hewa nyingi. Ikivuta hewa yenye vumbi, vumbi linaikwangua ndani mpaka inachoka. Ikivuta maji badala ya hewa, inakufa papo hapo, na pengine inavunjika vyuma. Kwa hiyo shofere mwenye akili anajiuliza gari lake linapumulia wapi. Sisi tulikuwa na gari lisilo na pua, tena tulitakiwa tulichagulie.

Tukalipeleka Uvira kwa fundi mmoja. Tulipita Makobola asubuhi, wanawake wakianika muhogo kando ya barabara, nami nikaendesha polepole kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwa kulihurumia lile shati. Fundi yule alikuwa askari wa zamani aliyefika hadi Misri wakati wa vita, mtu mpole, msafi, na mwenye polepole ya kukutia wazimu. Alilizunguka jipu mara mbili kabla ya kutusalimia sawasawa.

"Iko njia tatu," alisema, akituonyesha vidole vitatu, ambavyo ndivyo vyote alivyobaki navyo mkono ule. "Ya kwanza, tutie bakuli ya mafuta pahali pake ya zamani, chini ya boneti. Hewa inapita mu mafuta, vumbi inabaki. Njo dawa ya vumbi. Lakini siku maji inafika mu kifua ya motokari, bakuli inakunywa maji, motere inakufa."

"Ya pili?" nikauliza, nikijua kwamba motere kwake ni injini.

"Ngoja, nafika. Ya pili, tutoboe hapa mbele ya miguu ya patron, motere ivute hewa ya ndani. Maji haitafika upesi. Lakini itakunywa vumbi ya viatu yenu na manyoya ya kuku mwenye munabeba."

Mjomba, patron mwenyewe, yaani bosi, akacheka. Mimi sikucheka.

"Ya tatu, niliiona kwa baaskari mu vita. Bomba inapanda hapa, kando ya kioo, mpaka juu ya kichwa ya shofere. Bakuli inakaa juu kabisa. Vumbi ya chini haifiki, maji haifiki. Motere inapumua kama muntu mwenye anaogelea, pua juu."

Nilitaka ile ya tatu kabla hajamaliza. Mjomba alitaka ya kwanza. Alikuwa mfanyabiashara, na kilichomlia lori lake ni vumbi, si maji. "Mvua ikikuja," alisema, "tutangoja maji ishuke, kama bantu bote."

Hapo nikaanza kuhubiri. Nikasema juu ya samaki wanaooza tukingoja. Nikasema juu ya unga unaoshika ukungu, na wafanyabiashara wengine watakaotutangulia sokoni. Nilisema kweli tupu, na hakuna hata moja kati ya kweli hizo iliyokuwa yangu. Mjomba alinisikiliza, mikono mgongoni, mpaka nikaishiwa pumzi.

"Hauko unasema samaki," akasema. "Uko unasema bibi yako."

Nikahisi masikio yanawaka kwa kutajiwa mke wangu. Fundi akajifanya anatafuta spana. Lakini mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu ambaye ukishamwonyesha udhaifu wako anakuwa upande wako. Akamgeukia fundi akamwambia afanye ile ya tatu.

Fundi akatengeneza bomba kwa bati nene, akalikunja vizuri kama shingo ya bata, akaunda na shikio la kulibeba bakuli juu. Kazi safi. Ila viungo viwili vilihitaji mpira mnene na vibano vya chuma: kiungo cha juu, bomba linapokutana na bakuli, na kiungo cha chini, linapokutana na kabureta. Mpira wa namna ile haukuwepo Uvira. Ilibidi uagizwe Usumbura. Kwa muda akaliweka bakuli chini, mahali pake pa zamani, na bomba tukalilaza nyuma katikati ya magunia.

"Juma mbili," alisema. "Labda ine. Ngojea mpira, nitakutumia. Usifunge na kitu ingine, umesikia? Motere iko inavuta."

Nilisikia. Masikio yalikuwa mazima siku zile.

*

Juma mbili zikapita, zikawa nne. Kila lori lililoingia Baraka kutoka Uvira nililikimbilia kama mtoto anayekimbilia harusi, nikimuuliza shofere kama ametumwa na mpira. Watu wakaanza kunitania. Tunayo methali, haraka haraka haina baraka, na sisi wa mji ule tumeichoka kuliko watu wote duniani, maana kila mgeni akifika anaona ameivumbua yeye. Sasa majirani zangu wenyewe wakawa wananisalimia nayo asubuhi. Nilikuwa nawajibu vibaya. Nilikuwa nalala vibaya pia, na kula vibaya, na mke wa mjomba akasema heri angepewa shetani wa kulea.

Mvua ya kwanza ya kweli ilinyesha siku mbili mfululizo. Daraja likaenda zake. Asubuhi ya tatu, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaingia uani, suruali imelowa mpaka kiunoni, akicheka.

"Mutoto mwanamuke," akasema. "Leo siku nane. Mama yake iko muzima."

Nikamkumbatia. Kisha nikamuuliza maji ya mto yalimfikia wapi, kiunoni au kifuani, na kama sakafu ya mto ilikuwa mawe au matope. Nilimuuliza hayo kabla sijauliza mtoto anafanana na nani. Akanijibu yote kwa upole, akanipimia mwilini mwake kwa kiganja, na mimi nikawa nakadiria: kiuno chake ni juu ya taa za jipu, bado chini ya boneti.

Ndipo akaniambia kwamba siku ya kuzaliwa, baba yake, yaani baba mkwe wangu, alimwadhinia mtoto sikioni. Ile ni kazi ya baba, sauti ya kwanza ya dini mtoto aisikie iwe ya baba yake. Baba akiwa hayupo, babu anaifanya, hakuna dhambi. Nilisema alhamdulillahi, na moyoni niliona wivu mchungu, wivu wa kumwonea mzee wa watu aliyenifanyia jambo jema. Jina pia walikuwa wameshampa, siku ya saba, lile tulilokubaliana na mama yake. Kila kitu kilikwenda sawa bila mimi.

"Utafika?" shemeji akauliza alipokuwa anaondoka kesho yake. "Nibaambie nini?"

"Baambie siku ya arobaini nitafika na mutuka mpaka mu mulango ya baba," nikasema, nikilionyesha jipu. "Maji haitanikataza tena."

Akaniangalia kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo, akanipa mkono, akaenda zake. Nilikuwa na siku thelathini na moja. Nikachora mistari ya mkaa nyuma ya mlango wa chumba changu, na kila asubuhi nikafuta mmoja kabla ya kunawa uso.

*

Mistari ilipobaki ishirini, mpira haukuwa umefika. Nikashuka ziwani kwa sababu miguu yangu haikujua pengine pa kwenda. Fundi mmoja wa Ubwari alikuwa amepindua boti la mjomba mchangani, anaziba nyufa zake. Alikuwa anatia kalafati: anasokota pamba, anaichovya kwenye mawese yaliyochemshwa na utomvu wa mti, anaigongelea katikati ya mbao kwa patasi butu. Kabla hajamaliza mfereji mmoja, mimi nilikuwa nimeshamaliza safari nzima kichwani mwangu na kurudi.

"Hii inazuia maji kabisa?" nikamuuliza.

Alinitazama kama nimemuuliza kama mama yake anajua kupika. "We unaniuliza maji? Maji ikigusa mbao, mbao inavimba. Ikigusa pamba, pamba inavimba. Vinajifunga byenyewe. Boti yangu kadiri inakaa mu maji, njo inakuwa nguvu."

Nikakimbia kulichukua bomba. Nikamwekea mchangani mbele yake pamoja na bakuli, nikamweleza. Alifurahi kuliko nilivyotegemea. Nadhani alikuwa amechoka na usumbufu wa watu wanaotaka boti lao tangu jana. Akachonga pete mbili za mti mgumu, akazipima, akazikwangua tena, akazivika kwenye viungo vile viwili na kujaza pamba yake pande zote, akigonga taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Ilimchukua siku mbili. Niliketi karibu naye siku zote mbili, na huo ni muda mrefu zaidi niliowahi kuketi.

Kisha tukalijaribu kama wao wanavyojaribu. Alinyunyiza unga mkavu wa muhogo ndani ya bomba, akaziba midomo yake kwa vizibo vya mti, akalifunga mawe, akalizamisha ziwani tangu asubuhi hadi alasiri. Watu walikuja kuangalia. Wavuvi waliweka dau la maneno. Mjomba mwenyewe akashuka, kanzu ameishika mkononi isilowe. Bomba likatolewa, likafutwa, likafunguliwa, unga ukamwagwa kwenye ungo. Ulikuwa mkavu, unapeperuka. Mjomba akautia kidole, akaonja.

"Kavu," akasema.

Watu wakapiga makofi. Nami nikamwambia mjomba kwamba fundi wa Uvira ni mtu mzuri lakini vita vilimwachia uoga. Nilisema hivyo kwa sauti, nimeshika kiuno.

Tukalifunga siku ileile. Jipu likawaka mara moja, likapumua kupitia juu. Siku kumi na tano nililiendesha hivyo, ufukweni na barabara ya Uvira. Nilitafuta madimbwi makusudi. Baada ya siku chache bomba likaanza kupiga mluzi, mwembamba kwanza, halafu mkubwa, hasa nikikanyaga mafuta. Watoto waliukimbilia. Mtu mwingine angesimama na kufungua boneti. Mimi niliwaambia watu ndiyo sauti yake, bomba lenye nguvu lazima liimbe.

Siku mbili kabla ya siku yangu, lori moja likanishushia kifurushi kutoka Uvira. Mipira miwili minene, vibano vinne. Nikakitia chini ya kiti. Nilisema nitaifunga nikirudi, maana sasa si wakati wa kufungua kitu kinachofanya kazi.

*

Siku ya arobaini tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, mimi na mjomba, kwa maana mke hachukuliwi na mume peke yake. Lazima mtu mzima wa upande wako awepo. Tulibeba kitenge pisi mbili, sabuni, chumvi, mfuko wa sukari, dagaa wa kuchagua, na kiti cha kukunja ambacho mjomba alikinunua kwa ajili ya baba mkwe. Niliendesha nikiimba. Mjomba aliniambia nipunguze, nikapunguza, nikasahau.

Mto ulikuwa mpana, rangi ya chai ya maziwa, unatembeza matawi. Nilishuka. Nikafungua mkanda wa feni ili isirushe maji, nikapaka grisi nyaya za plagi, kama fundi wa Uvira alivyonifundisha. Nikatazama bomba langu limesimama kando ya kioo. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, wanasema, na mimi nilijiona nimeshafika kwa sababu shemeji alinipimia kwa kiganja mwezi uliopita.

Tukaingia. Maji yakafika taa, yakazifunika. Yakaingia ndani, mjomba akapandisha miguu juu ya dashibodi, sukari kifuani, akisoma aya. Yakapanda boneti. Na jipu likawa linakwenda, wallahi, linakwenda, injini iko chini ya maji inanguruma, pua yake juu hewani kama alivyosema yule fundi. Nilipiga kelele ya furaha. Nilikanyaga mafuta zaidi kwa sababu sakafu ilianza kuwa ya matope. Mluzi ukapanda, ukapanda, ukawa kama wa treni. Kisha ukanyamaza. Injini ikakohoa mara mbili, ikafa katikati ya mto.

Wanaume waliokuwa ng'ambo walikuja na kamba. Wanawake wa soko pia walikuwepo, wanavuka kwa kushika kamba iliyofungwa toka mti hadi mti, vikapu kichwani, maji kifuani, wakiongea mambo yao. Mmoja alipita karibu na dirisha langu, akamsalimia mjomba vizuri, akaniambia, "Pole, baba. Motokari imechoka?" Watu kumi na mbili walituvuta kurudi nyuma mpaka ukingoni tulikotoka, na jua likawa limeshapanda.

Nikafungua boneti. Nikatoa bomba. Ndani lilikuwa kavu. Hakuna tone hata moja. Yule bwana wa Ubwari hakunidanganya. Alizuia maji kama alivyoahidi. Lakini zile pete za mti zilikuwa zimekaa majuma mawili juu ya chuma cha moto, zikakauka, zikasinyaa, mawese yakayeyuka, na ingawa pamba ya nje ilivimba tena mtoni ikazuia maji, ya ndani ilibaki inaning'inia. Koo la kabureta lilikuwa limejaa pamba ya manjano, imesokoteka ndani kabisa. Injini iliivuta, ikaimeza, ikasongwa nayo.

Sisi watu wa ziwa tunajua hatari moja, maji ya nje yanayotaka kuingia. Mababu zetu waliziba nyufa kwa ajili hiyo, na tunaziba vizuri. Hakuna boti linalovuta pumzi. Tulikuwa wengi pale ufukweni, watu wazima wenye akili, tukapiga makofi kwa unga mkavu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kitu kile kinavuta kutoka ndani, ingawa mimi niliambiwa hivyo kwa maneno matatu.

Nilitaka kulia. Nikaanza kuchokoa pamba kwa waya, ikakatika, nyingine ikaingia ndani zaidi. Nikatukana. Mjomba akaniweka mkono begani.

"Wacha," akasema. "Mimi nitabaki na mutuka. Beba kitenge, uende."

"Niende namna gani?"

Alikuwa anautazama mto, wanawake wa mwisho wanapanda ng'ambo, wanakamua nguo zao.

Nikavua viatu, nikavifunga shingoni. Nikashika kamba. Maji yalikuwa ya baridi, yalinisukuma kidogo katikati, hayakunifanya kitu. Nikatembea. Ni barabara ya kupanda, nami nilikuwa naijua kwa gia zake tu: hapa ya pili, hapa ya kwanza. Sikujua kwamba ina kijito cha maji matamu baada ya kona ya tatu, wala kwamba watu wanaopanda kwa miguu wana njia zao za mkato zinazokata nusu ya mizunguko. Mzee mmoja aliyebeba majembe alinionyesha. Tulipishana na watu wengi, wote wanasalimia. Nilikuwa na haraka na miguu ikanipokea haraka yangu vizuri kuliko nilivyotegemea. Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa nilipoziona nyumba za kwanza za Fizi.

Baba mkwe alinipokea, akatazama miguu yangu yenye matope, hakuniita shofere. Akanielekeza ndani.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameoga, amesukwa, amenenepa kidogo usoni. Mtoto alikuwa mapajani mwake, macho wazi. Hakuwa tena kile kitu kidogo chekundu nilichokuwa nakifikiria mwezi mzima. Alikuwa mtu, ana nyusi, shingo imeanza kukaza. Nikaweka kitenge chini. Mke wangu alinitazama, halafu akatazama mlango nyuma yangu.

"Mutuka iko wapi?"

"Iko kwa mto na Mujomba. Ilikufa."

"Sasa we ulifika na nini?"

"Na miguu."

"Ulitoka lini?"

"Leo asubui."

Akamrekebisha mtoto kanga. Nilingoja aseme pole, au acheke, au anikasirikie; ningeipokea hasira yake kwa mikono miwili. Lakini hakuwa na hasira. Alikuwa anahesabu kitu.

"Baba mutoto," akasema, "hizi siku yote arobaini, njia ya miguu ilikuwa imefungwa?"

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, juu ya mpira wa Usumbura, na bakuli, na bomba, na jinsi maji yalivyopita boneti na injini bado inanguruma. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikayatafuta na sikuliona hata moja linalofaa kusemwa mbele ya mtoto yule.

"Hapana," nikasema. "Haikufungwa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelijua jibu tangu mwanzo. Kisha akanionyesha mtungi kwa kidevu, akaniambia ninawe kwanza, ndipo nimshike.